Neno "Munu" na Herufi za Bodoni

Liko neno la Kimakonde lifaalo kuwa mtihani wa kila herufi ya chapa: munu, yaani mtu. Kwa herufi ndogo neno hili husimama juu ya nguzo tisa, na kinachozifanya nguzo hizo ziwe m, u, n na u ni vidaraja vya juu na vya chini tu. Vidaraja vikikatika, mtu hasomeki.

Katika herufi za ukoo wa Bodoni, vidaraja hivyo ndivyo vilivyokondeshwa kupita kiasi. Giambattista Bodoni wa Parma na Firmin Didot wa Paris, mwishoni mwa karne ya 18, waliinenepesha mistari ya wima na kuikondesha mingine hata ikawa unywele. Serifu nazo, yale makanyagio ya kwenye ncha za herufi, zikawa uzi mtupu. Msomaji wa pwani aliyezoea hati ya kalamu ya mwanzi aujua unene na wembamba. Lakini kalamu hunenepa na kukonda kwa mwendo wa mkono. Hapa nene na nyembamba hukutana ghafla, mfano wa mpingo ambao mchongaji ameuachia ukanda mweupe ubavuni mwa kiini cheusi. Na kweli ni kazi ya kuchonga, kwani kila herufi ilikatwa kwanza kwenye ncha ya chuma. Juu ya jalada, kwa ukubwa wa kiganja, uzuri wake haukanushiki.

Herufi za ukoo huo ndizo zilizotawala vitabu vya Kiingereza karne ya 19, zama zilezile lugha za Masasi na Newala zilipoingia katika chapa. Mwaka 1876 Edward Steere wa misheni ya UMCA alichapisha Unguja mkusanyo wake wa Kimakonde, na mwaka huohuo akawaongoza watu waliokombolewa utumwani hadi Masasi. Chauncy Maples, aliyehudumu Masasi na kisha Newala, alitoa kitabu chake cha Kimakua mwaka 1879. Vilikuwa vitabu vya mgeni ajifunzaye. Mmakonde asomaye lugha yake mwenyewe hakuwamo katika hesabu ya waliobuni herufi zile.

Bodoni alikuwa na karatasi laini na pambizo pana. Diwani nyingi za kwetu hupigwa kwa herufi ndogo juu ya karatasi ya mkwaruzo, kisha hutolewa nakala ya nakala. Hapo "na" hugeuka "ua", na msomaji asijue kama ni waridi au ni amri ya kuchinja. Kina cha -na kikisomeka -ua, mtunzi hulaumiwa bure. Ritifaa nayo hupoteza mkia, ikabaki nukta kama tone la wino. "Ng'oa" ikawa "ngoa", na shairi la jembe likasomwa kuwa la mahaba!

Bodoni na abaki kwenye jalada. Kwa beti, zipo herufi za Charis, zitolewazo bure na SIL, zilizojengwa juu ya Charter, aliyoibuni Matthew Carter mwaka 1987 kwa ajili ya printa hafifu. Hazina madaha, na nguzo zake ni fupi na imara kama za kibanda cha shamba. Lakini vidaraja vyake havikatiki. Mchapishaji mwenye shaka na achape "munu" kwa pointi 9, kwenye karatasi ileile atakayoitumia, kisha ampe mzee asome bila miwani.