Pasi Ndiyo Iliyoliharibu

Sweta lile la kijani halikuharibikia kwenye sindano. Liliharibiwa mezani, kazi ikiwa imekwisha, kwa pasi ya mkaa. Naliweka hilo mbele mapema kwa sababu tangu sweta lilipoonekana gulioni hapa Kalinzi nimesikia lawama zikitupwa huku na huku: eti uzi ulikuwa mbovu, eti sindano zilikuwa kubwa, eti mtoto alipimwa vibaya. Uzi ulikuwa ule ule tunaoutumia sote. Sindano zilikuwa sahihi, na kipimo hakikuwa na dosari. Uamuzi mmoja wa dakika chache ndio ulioangusha kazi ya majuma mazima, na mfumaji wetu, ambaye mkono wake naujua na kuuheshimu, hakustahili kuumaliza mradi wake namna ile.

Kazi ya kabla ya pasi sina neno nayo. Kifua cha mtoto sentimita 60, nafasi ya ziada sita. Vitanzi 22 kwa kila sentimita 10 kwenye sindano namba 8. Vitanzi 74 mbele na 74 nyuma, mshono ukila kimoja kila ukingo, vinabaki 144, yaani karibu sentimita 66 mzunguko mzima. Makwapa yanalingana, mabega yamekaa, shingo inapita kichwani bila kulazimishwa. Safi.

Sasa twende mezani. Mkanda wa kiunoni ulifumwa mbili mbele, mbili nyuma, kwa sindano namba 10, nyembamba kuliko namba 8, kama inavyotakiwa. Alipolaza sweta na kupitisha futi kamba, mwili ulisoma sentimita 33 kutoka ubavu hadi ubavu, mkanda ukasoma 24. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu. Zile sentimita tisa akaziona kosa. Akalowesha kitambaa, akakitandaza juu ya mkanda, akauvuta kwa mkono wa kushoto mpaka ukalingana na mwili, kisha akashusha pasi kwa mkono wa kulia. Mvuke ukapanda. Alipofunua kitambaa, mkanda ulikuwa umelala, umenyooka, una mng'ao kidogo. Akaridhika. Akageuza upande wa nyuma, akarudia. Halafu akahamia kwenye mikanda ya mikononi.

Kosa la kwanza lilitangulia pasi: alisoma afya akaiita ugonjwa. Mkanda wa mbili mbele mbili nyuma ni lazima ujivute. Kitanzi cha mbele kinapenda kujikunja upande mmoja, cha nyuma kinapenda kujikunja upande wa pili. Ukivipanga viwili viwili, vile vya nyuma vinazama na kujificha, vya mbele vinainuka na kukaribiana. Unaona matuta yamegusana na mabonde yamefichika. Ukiuvuta, mabonde yanafunguka, ukiuachia, yanafungika. Huko kufunguka na kufungika ndiyo kazi pekee ya mkanda. Kwenye mwili wa mtoto, sentimita 24 zile zingefunguka bila taabu mpaka 30 na kushika kiuno. Mkanda unaosoma sawa na mwili ukiwa mezani ni mkanda uliokwisha kufa.

Kosa la pili ni la uzi wenyewe. Uzi ule ni akriliki. Kila mtu aliyeushika anajua, hata kama muuzaji anauita sufu. Akriliki ilianza kuuzwa kwa wingi kuanzia mwaka 1950, kampuni ya DuPont ya Marekani ilipoitoa kwa jina la Orlon, na asili yake ni mafuta ya petroli. Haiogopi nondo, haisinyai majini, bei yake inabebeka. Lakini haivumilii joto. Ikifika karibu na nyuzi 90 za Selsiasi, nyuzinyuzi zake zinalegea, na zikipoa zinashika umbo zilizokutwa nalo. Ikiwa imelowa, hulegea mapema zaidi. Kwenye mwinuko wetu maji huchemka chini kidogo ya nyuzi 100, na bado mvuke huo peke yake unatosha. Yeye aliongeza chuma cha moto juu yake, na pasi ya mkaa haina mahali pa kupunguzia moto.

Ndiyo maana mkanda ule ulifanya kilichofanya, kama mfuko wa plastiki uliosogezwa jikoni. Matuta yaliyeyukia kwenye mabonde. Vitanzi vya nyuma, vilivyotakiwa vijifiche, vikabaki vimetandazwa hadharani. Shika ukingo wake kwa vidole viwili, uvute, uachie: haurudi. Ufue, hautarudi. Uloweke usiku kucha, hautarudi. Sufu ya kondoo ingesamehe, kwa kuwa ukiilowesha upya inakumbuka umbo lake. Akriliki iliyopigwa pasi imeshabadilika moja kwa moja.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma zaidi. Baada ya upande wa kwanza alikuwa na nafasi ya kusimama. Angeuvuta mkanda mara moja tu, aone kama unarudi, angeokoa nyuma na mikono yote miwili. Mfumaji aliyefuma kipande cha majaribio kabla ya kuanzisha vitanzi, na huyu alikifuma, anaanzaje hatua ya mwisho bila majaribio? Kipande kile kilikuwepo. Kilikuwa cha uzi ule ule. Pasi ingeanzia pale, na hasara ingekuwa ya kiganja kimoja cha mfumo.

Kwetu hili si jambo la urembo. Ujiji au Kibirizi, ufukweni, sweta lenye kiuno kilichofunguka halimdhuru mtu. Kalinzi iko juu milimani, kwenye mashamba ya kahawa na migomba, na asubuhi za Juni na Julai mtoto anatoka nyumbani ukungu ukiwa bado haujainuka. Mkanda ndio unaofunga mlango wa baridi chini na mikononi. Sweta lile sasa linapanuka kiunoni, na mikono inateleza mpaka kwenye vidole. Mtoto anaikunja, inafunguka, anaikunja tena.

Mazoea ya pasi tumeyatoa wapi? Nimelisema hili mara nyingi na nitalisema tena: kwenye vitambaa vya makochi. Tumelea kizazi cha wafumaji ambao kazi yao ya kwanza, na mara nyingi ya mwisho, ni kroshia ya uzi wa pamba kwa ajili ya sebule. Kitambaa cha pamba kinatiwa wanga, kinapigwa pasi ya moto, kinasimama wima, kinasifiwa. Pamba inaustahimili moto wa nyuzi 200. Mikono ikishazoea kwamba kazi haijaisha mpaka ipite chini ya pasi, itafanya hivyo hivyo kwa sweta. Sivichukii vitambaa. Ninachokikataa ni kuvifanya shule ya kila kitu. Mtu amefuma seti tatu za makochi, hajawahi kufuma mkanda mmoja unaobana, kisha tunashangaa anapouogopa mkanda unaofanya kazi yake.

Na macho yetu yameharibiwa na masweta ya kiwandani. Sweta la shule linakuja limekunjwa ndani ya nailoni, bapa, mikanda imenyooka, nasi tunadhani hivyo ndivyo sweta zuri linavyoonekana. Lile limebanwa ili liingie kwenye katoni. La mkono likilazwa mezani lina kiuno kilichoingia na vifundo vilivyokaza.

Wauzaji wa uzi nao wana sehemu yao. Bonge linatoka kiwandani na karatasi inayotaja uzi ni wa nini na ufuliwe vipi, pamoja na alama ya pasi: ikiwa na nukta moja, mwisho nyuzi 110, ikiwa imepigwa msalaba, usiiguse kabisa. Kufika gulioni karatasi imeshavuliwa, mabonge yamerundikwa kwenye beseni, na ukiuliza unaambiwa yote ni sufu. Basi jipimie mwenyewe. Kata uzi wa urefu wa kidole, uwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inajizima, inaacha jivu linalosagika. Akriliki inawaka haraka, inayeyuka, inaacha kishanga cheusi kigumu.

Waliotutangulia walilijua hilo bila karatasi yoyote. Wale mabibi waliofuma kwa spoku za baiskeli, zenye unene wa milimita mbili tu, walinunua sweta la mtumba la sufu halisi, lililotoboka kiwiko, wakalifumua lote, wakaufua uzi, wakautundika na jiwe dogo mwisho wake mpaka mawimbi yakanyooka. Walifuma kwa kubana, na nguo zao zilirithiwa kutoka kwa mtoto mkubwa hadi kitinda mimba zikiwa bado zinashika kiuno. Sikuwahi kumwona hata mmoja wao akipeleka pasi kwenye mkanda. Uzi waliusikia kwa vidole.

Na aliyeandika hesabu ya kazi hii vizuri kuliko wote kwangu bado ni Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1971 kilikusudiwa kumwondolea mfumaji machozi. Yeye alianza na idadi moja tu, ile ya kifua, na vingine vyote akavitoa humo kwa asilimia: mkono kwenye kifundo asilimia 20, juu ya mkono kama 33, shingo 40. Kwa vitanzi 144 vya sweta letu, kifundo kinatoka 28 au 29, juu ya mkono 48, shingo kama 58. Mfumaji wetu aliweka 32, 50 na 60, na kwa mtoto mwenye vifundo vinene alikuwa sahihi kuongeza. Zimmermann angempongeza. Halafu angemnyang'anya pasi.

Kilichotakiwa kufanyika tunacho tayari hapa kijijini. Loweka sweta kwenye maji ya baridi au vuguvugu. Litoe kwa mikono miwili bila kulining'iniza, likunje ndani ya khanga kavu, likandamize mpaka khanga inywe maji, usilisokote. Kisha litandaze juu ya kichanja cha kahawa kisicho na kahawa, na mkeka chini yake, mahali penye kivuli. Hewa inapita juu na chini. Nyoosha mwili mpaka usome 33, linganisha mabega, weka shingo duara. Mkanda uukusanye kwa vidole ujivute wenyewe, halafu ondoka. Usilianike kwenye kamba, maana maji yatalivuta urefu.

Je, linaokoleka? Linaokoleka, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya. Mwili na mikono haikuguswa na moto. Wagonjwa ni mikanda mitatu. Fumua mshono wa ubavuni kwa kimo cha vidole vinne. Juu kidogo ya mkanda, kwenye mfumo wa kawaida, kata kitanzi kimoja katikati ya mstari na uvute uzi wa mstari huo taratibu, kitanzi baada ya kitanzi, mpaka mkanda udondoke. Vinabaki vitanzi wazi. Vishike vyote kwa sindano namba 10 na ufume kwenda chini, mbili mbele, mbili nyuma. Kwa kuwa unafuma kinyume na mwelekeo wa awali, unaweza kukuta kitanzi kimoja kimepungua. Kiongeze ukingoni, mshono utakificha. Funga kwa sindano namba 8 ili ukingo ufunguke. Mikono nayo vivyo hivyo.

Uzi wa mikanda iliyokatwa usirudishwe sindanoni, umeshakufa. Na msihangaike kutafuta kijani kile kile, kwani rangi ya mzigo mwingine haitalingana, na kutolingana kidogo kunaonekana vibaya kuliko tofauti kubwa. Chukueni rangi nyingine kabisa, nyeusi au ya maziwa, muiweke kwenye mikanda yote mitatu, na hata shingoni, ionekane imekusudiwa tangu mwanzo.

Mfumaji wetu anaiweza kazi hiyo kuliko wengi wanaomcheka. Ni kazi ya jioni chache, na bonge moja jipya litatosha. Ianze sasa, kwa sababu mtoto anakua, na sweta litakalokamilika baada ya baridi ya Juni litamkuta ana kifua kingine.