"Kujaza" na "Kuchaji": Istilahi za Betri ya Gari la Umeme

Wapo wafasiri wanaopendelea kuandika "kujaza betri" mahali ambapo msemaji wa kawaida husema "kuchaji betri". Hoja yao inaeleweka: "kuchaji" ni neno la mkopo, ilhali "kujaza" ni la asili ya Kibantu, hunyambulika bila taabu na hufahamika na kila mtu. Katika habari za tochi na redio hoja hiyo haikuwa na madhara. Lakini sasa magari, bajaji na pikipiki za umeme zinaingia Afrika ya Mashariki, na maelekezo ya vyombo hivyo yanahitaji kufasiriwa. Hapo twaona kwamba neno hilo halifai, na kutofaa kwake si jambo la ladha ya lugha tu: laweza kumgharimu mtumiaji fedha nyingi, kwa kuwa betri ndiyo sehemu ya thamani kubwa kuliko zote katika chombo cha namna hiyo.

"Kujaza" hubeba picha ya chombo. Mtungi hujazwa maji, gunia hujazwa mahindi, tangi hujazwa petroli. Na kisichojaa huhesabiwa kuwa kimepungukiwa. Dereva anayeagiza "fulu tangi" hapati hasara, maana petroli hailidhuru tangi kwa kufika shingoni. Betri ya lithiamu haiko hivyo. Ndani yake chembe za lithiamu huhama kutoka upande mmoja hadi mwingine, ambao aghalabu ni wa kinywe, na kadiri chaji inavyokaribia asilimia 100 ndivyo kemikali zilizomo zinavyozidi kuharibiana. Utando hujijenga juu ya kinywe na kumeza sehemu ya lithiamu, ambayo hairudi tena kazini. Joto huharakisha mambo hayo. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi wa magari yenye betri za nikeli hushauri kwamba katika matumizi ya kila siku chaji ikomee karibu na asilimia 80, na asilimia 100 iachiwe siku ya safari ndefu. Mfasiri aandikapo "Jaza betri kila siku" amekwisha kulibatilisha shauri hilo kabla msomaji hajafika sentensi ya pili.

Ugumu huongezeka tukimfikiria msomaji mwenyewe. Tumchukue mkazi wa Mwankoko, katika Manispaa ya Singida, mwenye paneli ya sola juu ya bati na betri ya risasi na asidi chini ya meza. (Risasi tunayoisema hapa ni metali, si ya bunduki, nalo ni jambo ambalo waundaji wa istilahi wangefaa kulitazama siku moja.) Fundi amemfundisha, na amemfundisha sawasawa: betri isiachwe nusu, ijae kila siku jua linapowaka, na maji ya betri yaangaliwe. Betri ya aina hiyo, iliyobuniwa na Gaston Planté mwaka 1859, ikikaa siku nyingi bila kujaa, salfeti ya risasi huganda katika bamba zake. Kwa mtu huyu "kujaza" ni neno sahihi kabisa. Lakini akinunua bajaji yenye betri ya nikeli, akasoma neno lile lile, atatenda kama alivyozoea: ataichomeka jioni, ataiacha usiku kucha hadi asilimia 100, kisha ataianika juani. Hatakuwa amekosea kusoma. Aliyekosea ni mfasiri.

Wala haitoshi kuandika "usijaze". Betri za lithiamu zenye fosfeti ya chuma huvumilia zaidi, na kampuni ya Tesla, kwa mfano, huwaagiza wenye magari ya aina hiyo wachaji hadi asilimia 100 walau mara moja kwa juma, ili kompyuta ya gari isipotee katika kukadiria chaji iliyopo. Basi mfasiri hana budi kuuliza kwanza ni betri gani.

Jambo la pili ni kuchanganya chaji na uwezo. Nissan Leaf lilianza kuuzwa mwaka 2010, na magari ya namna hiyo yaliyokwisha kutumika Japani yamefika Kenya. Matoleo yake ya mwanzo yana vipimo viwili sambamba, kila kimoja cha vijistari 12: kimoja huonyesha chaji iliyopo, kingine uwezo uliosalia. Gari laweza kuonyesha chaji kamili huku limekwisha kupoteza vijistari kadhaa vya uwezo. Mnunuzi aliyeambiwa tu kwamba "betri imejaa" hakuambiwa kitu. Kadhalika katika dhamana: watengenezaji wengi hudhamini betri kwa miaka 8 au kilomita 160,000, isishuke chini ya asilimia 70 ya uwezo wake. Ofisa akiandika "asilimia 70 ya chaji", ameandika mkataba usio na maana.

La kustaajabisha ni kwamba msemaji wa kawaida hachanganyi. Husema "chaji imeisha" kwa simu inayohitaji umeme, "haikai na chaji" kwa betri iliyochoka, na "betri imekufa" kwa ile ya kutupwa. Ni sisi wa maofisini tunaoandika "betri kuisha" kwa yote matatu.

Kuhusu "afya ya betri", neno linaloenea sasa, tuna shaka nalo. Afya hupotea na kurejea; mgonjwa hupona. Uwezo uliopotea katika betri ya lithiamu, kwa sehemu kubwa, haurejei kwa mapumziko wala kwa fundi. Tairi hatulisemi kuwa na afya, twasema limechakaa. Kwa hiyo tungependelea "uchakavu wa betri" kwa hali yenyewe, na "uwezo uliosalia" kwa kipimo kinachosomwa kwenye kioo.

"Kuchaji" kubaki kuwa jina la kitendo, na "kiwango cha chaji" kuwa jina la kiasi kilichopo kwa saa fulani, hakuhitaji mjadala mrefu. "Kujaza" kutumike pale tu inapokusudiwa kufika asilimia 100. Linalosalia ni jina la ile asilimia 80 ambayo mwenye gari huiweka mwenyewe ili chaji isipite hapo. Wengine wangesema "kiwango cha juu", lakini msomaji angeweza kudhani ndipo betri inapoishia kwa maumbile yake. "Kikomo cha chaji" chaonyesha kwamba kuna aliyekiweka, na kwamba aweza kukisogeza.