Vibao 88 Makongeni: Uamuzi Ulioua Sebene

Mliokuwa kwenye ile shoo ya Makongeni, hapa Nairobi, mnajua ninakoelekea. Bendi ilikuwa imeiva, uwanja umejaa, na mpiga kinanda wetu akaja na kinanda cha vibao 88 vya nyundo. Kile chake chepesi cha vibao 61, ambacho kimempa jina mitaa yote ya Jogoo Road, alikiacha nyumbani. Sitamtaja, kwa sababu ni kijana mwenye kipaji na nampenda. Lakini uamuzi ule ulikuwa kosa, na karibu kila kilichoharibika jukwaani jioni ile chanzo chake ni hicho.

Kinanda cha aina hiyo kikishaingia kwenye kasha lake hukaribia kilo 20. Matatu ya Jogoo Road haikipokei bila ugomvi na konda, na ukikubaliwa utakilipia kiti. Nduthi haikiwezi kabisa. Kwa hiyo kijana akasubiri gari la rafiki, gari likachelewa, na alipofika, kupima sauti kulikuwa kumekwisha. Fundi wa sauti alikuwa ameshagawa nafasi zote za mikisa, akambakishia mlango mmoja. Stendi iliyokuwapo ilikuwa ya X, ya bomba moja, ile ambayo bendi zetu zote hutembea nayo. Ilipobebeshwa mzigo ule ikaanza kuyumba, wakaiondoa, kinanda kikalazwa juu ya meza ya plastiki. Meza ni fupi. Kijana akapiga shoo nzima mgongo umepinda, viwiko viko juu ya vifundo vya mikono. Mwalimu yeyote wa kinanda angemwambia hapo hapo kwamba mkono uliokaa hivyo huchoka mapema.

Sasa tufike kwenye wimbo wa tatu. Sebene inafunguka, solo imepanda, ridhimu imeshika, mpiga ngoma amehamia kwenye hai-hati. Hapa ndipo kinanda huingia, na katika bendi za Eastlands kinaingia kufanya kazi gani? Kinaziba pengo la tarumbeta na saksafoni. Bendi haina tena pesa za kulipa wapulizaji watatu, kwa hiyo brasi inatoka kwenye vidole vya mtu mmoja. Ni mapigo mafupi, makavu, yanayorudiwa kwa kasi katikati ya mapigo ya ngoma. Kibao chepesi cha sinthesaiza kina springi chini yake: ukikiachia kimesharudi. Kibao cha nyundo kinabeba kipande cha uzito ambacho lazima kianguke mahali pake kabla hujakipiga tena, na kwenye vinanda vya bei tunazozimudu sisi hakina haraka. Mizunguko minne ya kwanza kijana alikwenda sawa. Wa tano akaanza kubaki nyuma, kidogo tu, kiasi ambacho mcheza dansi hawezi kukieleza lakini miguu yake inakijua. Mliona wenyewe jinsi mstari wa mbele ulivyopoa.

Akaona hali, akajaribu kujiokoa kwa ogani. Ile mbinu yake ya kuparaza kwa kiganja kutoka juu hadi chini, inayowapandisha watu viti, mnaijua. Kwenye vibao vya ogani na sinthesaiza kiganja huteleza. Kwenye nyundo kiganja kinasukuma uzito wa kila kibao kinachokipita. Aliparaza mara ya kwanza, sauti ikatoka imekatikakatika. Akajaribu ya pili, akauvuta mkono. Hakurudia tena mpaka mwisho wa shoo. Silaha yake kubwa ilinyamazishwa na chombo alichokichagua mwenyewe.

Wakati huo mkono wa kushoto ulikuwa umeteremkia kule chini kabisa. Nani angemlaumu? Vibao vipo, vinaita. Lakini hebu tuhesabu. Kinanda cha vibao 61 kwa kawaida huanzia hezi 65 hivi. Cha 88 huanzia 27.5. Vibao 27 vinavyoongezeka vimegawanyika hivi: 15 chini, 12 juu. Vile 12 vya juu sijamsikia mtu akivigusa kwenye rumba wala benga. Na vile 15 vya chini vinakaa kwenye nyumba ya gitaa la besi, ambalo uzi wake mnene kabisa ni hezi 41. Kwa hiyo kijana alibeba vibao 15 kwenda kugombana na mwenzake wa besi, kwenye spika ambazo chini ya hezi 50 zinatoa mtetemo tu. Mlisikia lile vumbi la sauti kwenye wimbo wa nne. Fundi wa sauti alilaumiwa na mashabiki kwa jambo lisilo lake.

Halafu stima. Katikati ya wimbo wa sita jenereta lilikata kwa muda mfupi mno, kufumba na kufumbua. Spika zikarudi, magitaa yakarudi, mwimbaji hata hakugeuka. Kinanda kikaanza kujiwasha upya, kama kompyuta, maana ndani yake ni kompyuta. Kiitikio kizima kikapita bila brasi. Kilipoamka kikarudi kwenye sauti yake ya kwanza, piano, na mapigo ya tarumbeta yakatoka kwa sauti ya piano ya ibada. Kinanda kinachotumia betri hakijui kama stima imepotea. Nimeliandika hili mara nyingi hadi wahariri wananichoka, nami nitaliandika tena: anayepigia nje, kwa jenereta la kukodi, asiye na betri ndani ya kinanda, anacheza kamari na wimbo wa watu wengine.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba hakuongeza sauti hata moja kwa uzito ule. Wanaouza hawalisemi hili. Yamaha MX61 ina kilo 4.8. Ndugu yake MX88 ina karibu kilo 14. Roland Juno-DS61 ina kilo 5.3, ilhali Juno-DS88 inapita 16. Korg Kross 2 ya vibao 61 ina kilo 3.8 tu, na ya 88 inazidi 12. Katika kila jozi hapo, mtambo wa sauti ndani ni ule ule. Brasi ni ile ile, ogani ni ile ile, na idadi ya sauti zinazoweza kulia kwa pamoja ni ile ile: 128 kwa MX na kwa Juno-DS, 120 kwa Kross 2. Pesa za ziada na kilo za ziada zote zimekwenda kwenye mbao, vyuma na nyundo. Kinachotoka kwenye spika ya Makongeni hakibadiliki.

Najua mawazo haya yanakotoka. Yanatoka kwa walimu wanaomfundisha mtoto kwamba kinanda halisi ni cha vibao 88 na kilichobaki ni cha kuchezea. Yanatoka kwa kamati zinazochangisha harambee, kisha zinanunua kwa kuangalia urefu wa kinanda, kwa sababu kirefu kinapendeza kwenye picha. Na yanatoka kwa wachambuzi wa ng'ambo ambao vyombo vyao hubebwa na gari la kampuni na kupangwa na vijana wa kukodiwa. Mpiga piano wa hotelini, anayepiga peke yake na kukuta chombo chake kimeshawekwa mahali pake, anahitaji 88, na simpingi. Mtu anayetoka Makongeni Jumamosi alfajiri kwenda harusi Ruai, akarudi usiku kwa kesha, kisha Jumapili akapanda tena matatu kwenda ibada ya saa mbili, maisha yake ni mengine.

Nyumba zenyewe za Makongeni zilifundisha hesabu hii. Zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, chumba kimoja ndicho kilichokuwa sebule, jiko na kitanda. Kinanda cha vibao 88 humo kingekula nafasi ya mtu mzima kulala. Vizazi vya wapigaji vimejifunzia katika mitaa hii, kutoka Makongeni hadi Kaloleni na Mbotela, kwa vyombo vilivyoweza kusimamishwa nyuma ya mlango.

Tena waulizeni wakongwe. Yamaha DX7 ilitoka mwaka 1983, vibao 61, sauti 16 tu kwa wakati mmoja, na kwa chombo hicho zilirekodiwa nyimbo ambazo harusi zetu haziendi bila hizo. Korg M1 ya 1988 nayo ilikuwa na vibao 61 na sauti 16, na piano yake na ogani yake bado zinaigwa hadi leo. Jean-Claude Naimro wa Kassav' alijenga zouk kwa vidole vilivyojua kukaa kimya, na zouk hiyo ndiyo iliyowatikisa Wakongo wa miaka ya themanini hadi wakafungua mlango wa sinthesaiza kwenye sebene. Kabla yao Manu Dibango, aliyekwenda Léopoldville mwaka 1961 kupiga na African Jazz ya Joseph Kabasele, aliingiza piano kwenye rumba kwa kuchagua pa kuingia na pa kutoka. Wote hawa walijua wanampisha nani. DX7 ilikuwa na mwili wa chuma na kilo 14 hivi, kweli, lakini wapigaji wa zama hizo hawakuwa na vyepesi vingi vya kuchagua. Kijana wetu alikuwa nacho chepesi, nyumbani.

Na kuhusu hizo tarumbeta: Les Mangelepa walipojitenga na Baba Gaston mwaka 1976, hapa hapa Nairobi, walikuwa na wapulizaji wa kweli, na aliyewahi kuwasikia anajua brasi inavyotakiwa kukata. Mpiga kinanda anayerithi kazi hiyo anaingia kwenye viatu vikubwa. Inampasa awe na chombo kinachorudi upesi kuliko pumzi ya mpulizaji.



Kuhusu ule mlango mmoja wa mikisa. Piano nyingi za kisasa zimerekodiwa stereo, kushoto na kulia. Ukichukua waya mmoja wenye pini ya hedfoni ukaunganisha pande mbili kwenye mlango mmoja, mawimbi mengine yanafutana na piano inasikika kama iko ndani ya ndoo. Njia sahihi imeandikwa mgongoni mwa kinanda miaka yote: chomeka upande wa kushoto peke yake, palipoandikwa Mono, kinanda chenyewe kitajumlisha sauti ipasavyo. Kijana hakufanya hivyo kwa sababu hakuwa na muda, na hakuwa na muda kwa sababu alichelewa, na mnajua kilichomchelewesha. Ndiyo maana pia huwa nasita kuwasifia watu vinanda vidogo vya nyumbani kama PSR-E373, kilo 4.6 na betri sita, chepesi kweli na kizuri kwa mazoezi, lakini njia yake ya kutolea sauti ni tundu la hedfoni. PSR-E473 ina kilo 7 na matundu mawili ya kutolea sauti, kushoto na kulia. Hizo kilo mbili na nusu hivi zinabebeka kwa furaha, kwa maana zinanunua kitu ambacho msikilizaji atakisikia.

Anayelia kwamba 61 hazimtoshi akiwa amegawa kinanda, pedi kushoto na brasi kulia, namwelewa kidogo. Dawa yake ni vibao 76. Juno-DS76 ina kilo 6.9, vibao vyake ni vyepesi, na inakubali betri kama ile ya 61. Hapo ndipo mwisho wa safari kwa mtu anayetembea na matatu. Kupita hapo unaanza kuwalipa watu wakubebee, na malipo ya shoo mnayajua.

Kwa kijana wetu: kile cha 88 kiuze, au kipeleke kanisani kikae mahali pamoja, kitawafaa waimbaji wa kwaya. Wewe chukua 61 yako, nunua betri mpya, beba nyaya mbili na stendi yako mwenyewe, ufike kabla ya fundi wa sauti kufungua mikisa. Na wale mnaochanga sasa kumnunulia mpigaji wenu kinanda, mkifika Luthuli Avenue msianze na sauti, wala msianze na bei. Mwombeni muuzaji akitie kwenye begi, mpigaji wenu akivae mgongoni, atembee nacho hadi Muthurwa na kurudi. Kikimshinda njiani, msikilipie.