Darasa Moja na Mzee Maruge

Mimi na Mzee Kimani Maruge tuliingia darasa la kwanza mwezi mmoja, Januari 2004. Yeye Eldoret, shule ya msingi ya Kapkenduiyo, akiwa na miaka 84. Mimi Likoni, miaka sita, ndani ya kaptula iliyokuwa ya binamu yangu. Kwa hivyo The First Grader, filamu ya Justin Chadwick ya 2010, huitazama kama mtu anayejitafuta kwenye picha ya darasa.

Ni filamu nzuri, nisiseme uongo. Oliver Litondo anamcheza Maruge bila kuomba huruma. Pale mzee anaporudishwa kwa kukosa sare, akaenda kukata suruali yake iwe kaptula, nyanya yangu alicheka mpaka akakohoa. (Mimi nilikuwa mkalimani.) Lakini itazame mara ya pili. Wale watoto waliomzunguka ni mapambo. Wanaimba, wanacheka, wanakimbia vumbini. Hiyo shule ya bure iliwapeleka wapi? Filamu haiulizi, na mimi ni mmoja wao.

Acha nijibu kwa nyumba moja tu. Babu hakukanyaga darasa. Alikuwa kuli bandarini Kilindini, na kwa ujira huo akajenga nyumba ya vyumba sita. Mama ana cheti cha darasa la nane. Anakodisha vyumba vinne na kuuza viazi karai barazani. Mimi nilifika mwaka wa pili chuo kikuu, karo ikanitoa, sasa naandika makala usiku kwenye chumba nilichozaliwa. Kila kizazi kimesoma kuliko kilichotangulia, na bado tunakula jasho la mtu aliyetia saini kwa dole gumba.

Na kazi yake hairithiki. Kontena hushushwa kwa winchi, na tangu 2018 nyingi zinapanda treni ya SGR. Waulize madereva wa malori pale Changamwe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, nayo, inamtisha mzazi asiyepeleka mtoto shule: faini isiyozidi shilingi 100,000, au jela isiyozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kuingia ni lazima. Kutoka, kila mtu na bahati yake.

Kitu ambacho filamu imekipatia, sijui kama kwa kukusudia, ni barua. Maruge wa Chadwick hatafuti kazi wala cheti. Ana barua ya serikali asiyoweza kuisoma, na anataka kuisoma mwenyewe. Hapo nilisahau ubishi wangu wote.

Ilipokwisha, nyanya alinyamaza kidogo. "Mume wangu," akaniita, ndivyo anavyonitania tangu utotoni, "hebu nisomee tena ile karatasi ya kiwanja."

Nikaitoa chini ya godoro, nikaanza. Mstari wa tatu nikaruka neno, akanisahihisha. Kumbe ameihifadhi yote.