Pindo la Mkono

Mkono wa bi harusi ulikuwa na habari mbili. Kuanzia kiwiko hadi maungio ya vidole ilipita hina: kitawi kimoja chembamba kilichotambaa juu ya mgongo wa mkono, maua yake yamezungushiwa piko jeusi na kujazwa wekundu, majani yakizidi kuwa madogo kadiri yanavyokaribia vidole. Halafu, pale kitawi kilipotaka kumalizikia, zikaanza kucha za akriliki, kila moja ndefu kama nusu ya kidole chenyewe, nyeupe rangi ya tui, na wa kidole cha pete umepachikwa vijiwe vya kumeta. Tulikuwa chumba cha juu katika nyumba moja ya mawe, Mkunazini, Unguja, wanawake tumejaa kwenye majamvi. Shangazi yake bi harusi akaukamata mkono ule, akaugeuza, akaugeuza tena, kisha akasema: "Mwanangu, hina imekaa. Lakini hizi kucha za nani?"

Swali lile nimekaa nalo hadi leo, kwa sababu limepita mbali zaidi ya lile tunaloulizana siku zote, kama kucha za bandia ni umaridadi au ni ushamba. Neno "ushamba" hapa Unguja lina kasoro yake. Linadai kuwa uzuri ni wa Mjini na kuchusha ni kwa Shamba, ilhali mhina wenyewe unapandwa nyuani mwa nyumba za shamba, na ustadi wa kupaka haukuzaliwa Shangani peke yake. Hukumu za jukwaani nazo hazijatusaidia. Mwezi Septemba 2018, Spika Job Ndugai aliwapiga marufuku wabunge wenye kucha na kope za bandia kuingia ukumbini Dodoma, baada ya Naibu Waziri wa Afya, Faustine Ndugulile, kueleza madhara yake kwa afya. Zikasemwa afya, zikasemwa adabu, kila mtu akatoa lake. Umbo la ukucha halikuangaliwa. Shangazi aliangalia umbo, na mimi nataka kumfuata yeye.

Mtu aliyekulia kwenye kanga anajua kuwa nguo ile ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina. Pindo huwa na nakshi nzito kuliko mji, mara nyingi, lakini halijitegemei. Rangi zake zimetoka mjini au zinajibizana na mji, na fundi akikosea hapo, kanga nzima inaonekana imeungwa vipande. Milango yetu ya kuchonga inafuata tabia hiyohiyo. Nakshi imejaa kwenye miimo na kizingiti cha juu, na mbao za mlango wenyewe zimeachwa zipumue, zikipambwa kwa misumari ya shaba na mfaa uliosimama katikati. Watu wa pwani tunapenda kupamba ukingo. Kwa hiyo anayesema kurembesha kucha ni jambo la kuigiza kutoka nje ajaribu tena, maana ukucha ndio ukingo wa mkono, na ukingo kwetu ndipo jicho linapokwenda kwanza.

Sasa uangalie mkono wa hina uliopakwa kwa mtindo wa zamani. Ncha za vidole zimechovywa zote, ukucha na nyama pamoja, hadi kwenye pingili ya kwanza. Hakuna mstari unaotenga kucha na ngozi. Maua ya kiganjani yanapanda, yanapungua, yanakonda kwenye vidole, mwisho yanazama kwenye wekundu mtupu usio na ua wala jani. Hilo ndilo pindo. Uzuri wake uko katika kunyamaza, kwamba baada ya maneno mengi ya kiganjani mkono unamalizia kwa rangi moja. Na kwa kuwa ngozi na ukucha havishiki hina sawasawa, ukucha hutoka wa rangi ya chungwa iliyoiva na nyama inayouzunguka huwa ya kahawia, na tofauti hiyo ndogo, ambayo mpakaji hakuichora, ni nakshi nyingine.

Kwenye mkono wa bi harusi wetu, kitawi kilifika mlangoni kikakuta mlango wa nyumba nyingine. Weupe wa tui haukuwamo popote katika hina yake. Vijiwe navyo havikujibu chochote, wala pete wala bangili. Na zile kucha zilikatwa mraba, bapa kwenye ncha, kwa hiyo vidole vilivyokuwa vinakonda vizuri vikapanuka ghafla mwishoni. Nadhani hapo ndipo shangazi alipoona kitu cha kuazima.

Ubandia wenyewe siulaumu. Tukiusaka ubandia tutaukuta hata kwenye hina, maana jeusi la piko tunalolipenda sana, mara nyingi ni dawa ya kutia nywele rangi, yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo imewababua watu ngozi na kuwaachia makovu yenye umbo la maua yaleyale waliyochorwa. Ukucha wa akriliki kwa upande wake una nasaba ya heshima. Husimuliwa kuwa daktari wa meno Mmarekani, Fred Slack, alivunja ukucha kazini katika miaka ya 1950 akaujenga upya kwa akriliki ya meno. Ulianza kama kiraka, basi. Hata ule mtindo unaoitwa wa Kifaransa, wa ncha nyeupe juu ya waridi hafifu, ulitengenezwa California na Jeff Pink wa kampuni ya Orly katika miaka ya 1970, na ukiusoma vizuri utaona haufanyi ila kuutia wino ukingo ambao ukucha tayari unao. Ni pindo jembamba kwenye kitambaa chake mwenyewe. Ndiyo maana hauchushi upesi.

Nimeziona kucha za bandia zilizokaa. Dada mmoja muuza nguo Mlandege alikuwa ananikunjulia vitenge, na kwa dakika kadhaa sikuona vitenge. Kucha zake zilichongwa umbo la lozi, zimeipita nyama kwa kiasi cha punje ya mchele, rangi yake damu ya mzee iliyokaribiana na hina iliyokuwa inafifia kiganjani. Lozi inaendeleza kukonda kwa kidole, mraba unakukatisha. Na rangi ile ilikuwa imechotwa mkononi mwake. Nilipomuuliza, alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi: "Nimezifuatisha hina, dada." Kufuatisha ni neno la mshoni na la mpishi, na sasa naona ni neno la mhakiki pia.

Ila kuna mahali ambapo hata zile kucha ndefu za mraba zina haki yake. Nenda kwenye taarab. Mwanamke anainuka kwenda kutunza, hatembei haraka, noti ameishika kwa ncha za vidole viwili, mkono ameunyanyua juu ya vichwa vya waliokaa. Kutoka kiti cha nyuma, hina haisomeki, ni kivuli tu. Kinachoonekana ni ncha: zinameta chini ya taa, zinarefusha mkono, zinaipa ile noti mahali pa kukaa. Hapo vijiwe vinafanya kazi, kama mwimbaji anayepaza sauti kwa sababu ukumbi ni mkubwa. Hina ni ya kusomwa na anayekushika mkono, ukucha mrefu ni wa kusomwa na aliye mbali, au na kamera ya simu. Kosa la mkono wa Mkunazini, kwa maoni yangu, ni kwamba uliandikiwa wasomaji wawili walio umbali tofauti, na sisi tuliokaa jamvi moja naye tukasikia sauti ya ukumbini chumbani.

Lakini uhakiki wa siku ya kwanza haujakamilika, maana pambo la ukucha huendelea kujiandika baada ya sherehe. Ukucha huota kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, na ukucha wa mkononi huchukua miezi 6 hivi kubadilika wote. Hina ikishika kwenye ukucha haifutiki. Kiganjani itaondoka wiki mbili tatu, ukuchani itasukumwa mbele polepole, na chini yake utachomoza ukucha mpya mweupe kama mwezi mwandamo uliogeuzwa. Mwanamke akikupa mkono unaweza kumhesabia: arusi ilikuwa mwezi jana, au hii ni hina ya Idi. Akriliki nayo inasukumwa kwa mwendo uleule. Baada ya wiki tatu, kwenye mzizi wa ukucha, panatokea ufa, na ule ufa hausomeki kama wakati uliopita bali kama kitu kinachobanduka. Hapo ndipo mwenye pesa anarudi saluni kujaza, na asiye nazo anaanza kuficha vidole ndani ya buibui. Kwangu mimi hili ni zito kuliko vijiwe vyote. Pambo moja linapungua likiwa bado pambo, lingine linapungua kuwa kasoro.

Na hapa dini inaingia, kwa njia ya umbo pia. Hina ni doa, maji ya udhu yanaupata ukucha. Rangi ya chupa ni tabaka, maji hayapiti, ndiyo maana wengi huipaka siku ambazo hawasali, na mkono ukasema hadharani jambo ambalo mwenyewe hakukusudia kulitangaza. Kucha za kubandika, zile za kutoa jioni, zinapatana na maisha haya kuliko za akriliki zilizogandishwa kwa mwezi mzima, tena zikijazwa na kujazwa upya hupishana na mafundisho ya kutoacha kucha zipite siku 40 bila kukatwa. Sizungumzii hukumu, hiyo wako wenye elimu yake. Nasema tu kuwa pambo linalovulika lina adabu ya kanga: unajifunga, unajifungua.

Wiki ya tatu baada ya arusi nilimkuta bi harusi kwa shangazi yake. Kucha nne zilikuwa zimeng'oka, moja ikiwa kwenye sahani ya pilau, alinieleza, na zilizobaki alizibandua mwenyewe. Kucha zake halisi zilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, zimejaa mikwaruzo ya tupa. Shangazi hakusema neno. Aliteremsha bakuli la hina aliyoikanda kwa ndimu tangu usiku, akamchovya vidole kimoja kimoja, akavifunga kwa vipande vya mfuko, akamwambia alale. Asubuhi alipobandua, wekundu haukuwa sawa: mahali ukucha ulipobaki mzima ulikuwa wa chungwa, na kila mkwaruzo wa tupa ulikuwa umenywa hina zaidi ukawa mstari wa kahawia, mistari mingi myembamba iliyolala upande mmoja kama mvua. Yule binti alivinyoosha vidole dirishani akaviangalia kwa muda mrefu. Shangazi akamuuliza kama ampake tena kuisawazisha. Akasema aziache hivyo.