Umezimika, Umezimwa, au Umejizima? Uhakiki wa Istilahi za Mitandao ya Simu

Istilahi hupimwa kwa vipimo tulivyovizoea: usahihi wa maana, ufupi, na kuafikiana na sarufi ya Kiswahili. Makala haya yanadai kipimo cha nne, ambacho wafasiri wa mambo ya ufundi hukisahau mara kwa mara: istilahi imwonyeshe msomaji ni nani aliyetenda. Kiswahili kina nyenzo za kutosha za kufanya hivyo katika mnyambuliko wa vitenzi vyake, na ni hasara kuziacha.

Uwanja tutakaoutumia kupimia dai hili ni mitandao ya simu za mkononi, hasa jitihada za kuiendesha bila mkono wa fundi na za kupunguza nishati inayotumiwa na minara. Simu hizi zilianza kutumika Tanzania mwaka 1994. Tangu wakati huo maneno yake yameenea kwa kasi, na sasa hayaishii kwa mafundi. Yamo katika mikataba ya kukodi viwanja vya minara, katika matangazo kwa wateja, na katika barua zinazofika ofisi za kata.

Tuichukue Makuyuni kuwa mahali pa kupimia. Tunasema Makuyuni ya Korogwe, mkoani Tanga, kwa kuwa iko Makuyuni nyingine wilayani Monduli, kwenye njia ya kwendea Manyara na Ngorongoro. Jina linatokana na mkuyu, na mikuyu haikuota mahali pamoja tu. Hata hivyo hakuna aliyetaka jina lifutwe, ilitosha kulibainisha.

Hekima hiyo yafaa kutumiwa kwa neno la kwanza katika uwanja huu, yaani seli. Mnara wa kijijini usiofikiwa na gridi huweza kuwa na seli za aina tatu kwa wakati mmoja: seli za jua katika paneli, seli za betri katika kabati, na seli za mtandao, yaani maeneo ya mawasiliano yanayohudumiwa na antena zake. Taarifa isemayo "seli mbili hazifanyi kazi" haimwambii mtu lolote. Wako waliojaribu kuponya tatizo hili kwa kusema "eneo la mnara", lakini mnara mmoja kwa kawaida hubeba seli kadhaa, mara nyingi tatu, kila moja ikielekea upande wake. Ni kweli kwamba Kiswahili kimewahi kufaulu kuliepuka neno hili. Seli ya chama cha siasa tuliiita nyumba kumi, kisha shina, na wananchi wakaelewa mara moja. Lakini katika umeme na simu neno seli limekwisha kuota mizizi. Tulibakize, ila lisiandikwe peke yake: seli ya jua, seli ya betri, seli ya mtandao.

Neno la pili ni usimamizi. Vitabu vya ufundi vya Kiingereza hutumia neno moja kwa kazi mbili, na mfasiri mwenye haraka huandika "usimamizi otomatiki wa mtandao". Fungu hili linajipinga. Anayesimamia husimama juu ya kazi ya mwingine, huikagua, na huulizwa inapoharibika. Kinachofanywa na programu, kama vile kuongeza nguvu ya mawimbi, kugeuza mwelekeo wa antena au kuhamisha simu kutoka seli moja hadi nyingine, ni uendeshaji. Uendeshaji waweza kukabidhiwa mtambo. Usimamizi hubaki kwa mtu au ofisi. Tukiandika "usimamizi otomatiki" tumeifuta ofisi kwa kalamu, kabla kampuni yenyewe haijaifuta.

Neno la tatu ni hilo hilo otomatiki. Toleo la 8 la viwango vya 3GPP, lililokamilika mwaka 2008, liliingiza mtandao unaojipanga wenyewe, na kazi zake kwa kawaida hutajwa tatu: kujisanidi mnara mpya unapowashwa, kujiboresha wakati wa kazi, na kujiponya penye hitilafu. Istilahi hizi tatu ni nzuri, kwa kuwa kiambishi -ji- kinafanya kazi yake halali. Tatizo ni kwamba neno otomatiki hufunika hatua zilizo mbali sana. TM Forum, jumuiya ya kampuni za mawasiliano, huzipanga katika ngazi 6, kuanzia 0 hadi 5: katika ya chini kabisa mtu hufanya kila kitu, na katika ya juu kabisa mtandao huamua wenyewe katika hali zote. Saa ya kuwasha taa jioni ni otomatiki. Hutii kanuni iliyowekwa na mtu, na kanuni hiyo inaweza kusomwa. Mtandao unaopima, ukatabiri, kisha ukachagua seli ya kuzima, unajiamulia. Tupendekeze basi uendeshaji wa otomatiki kwa ule unaotii kanuni, na uendeshaji wa kujiamulia kwa ule unaochagua. Mtumishi anayesaini mkataba anastahili kujua anasaini upi.

Hapo ndipo tunafika kwenye kiini. Sehemu kubwa ya nishati ya mtandao wa simu hutumika minarani, na mnara hula umeme hata usiku usipopitisha simu yoyote. Kwa hiyo mafundi hutafuta kuzima sehemu zake pale kazi inapopungua. Kitendo hiki kimeitwa kwa Kiswahili kulala, na minara "imelala" katika tafsiri nyingi. Lakini kulala ni kwa namna nyingi. Kuna kusita kwa kikuza nguvu kati ya alama moja ya mawimbi na nyingine. Katika teknolojia ya 4G alama moja huchukua takriban sehemu 71 za milioni ya sekunde, na mwenye simu hawezi kutambua lolote. Kuna pia kuzimwa kwa seli nzima kwa saa kadhaa. Kiswahili kina neno zuri kwa la kwanza: lepe, kama mtu asemavyo hakupata hata lepe la usingizi. Lepe liwe la kusita kwa muda mfupi mno, na usingizi uwe wa seli iliyozimwa ambayo yaweza kuamshwa.

Tofauti hii ina uzito gani? Mahali kama Kariakoo seli nyingi hupandana. Iliyowekwa kwa ajili ya wingi wa watu mchana ikizimwa usiku, nyingine hubaki ikieneza mawasiliano, na mteja hapotezi kitu. Sasa tuseme kitongoji kimoja cha Makuyuni kinategemea seli moja tu. Hiyo ikilala, mzazi mwenye mgonjwa hana njia ya kuita gari. Neno moja limefunika huduma iliyobaki na huduma iliyokatwa.

Watu wa Korogwe hawahitaji kufundishwa sarufi ya jambo hili. Wilaya yao ina mtambo wa Hale kwenye Mto Pangani, wenye uwezo wa megawati 21, uliojengwa mwaka 1964. Kama Watanzania wengine, wao hujua kwamba umeme uliokatika ni hitilafu, uliokatwa ni deni, na ulio katika mgao una ratiba. Vivyo hivyo mnara uliozimika umepatwa na jambo. Uliozimwa umezimwa na mtu. Uliojizima umefuata amri ambayo mtu aliiandika zamani. Tangazo lisemalo "mnara umezima", kama tunavyosema mitaani, halichagui lolote kati ya hayo, na kwa hiyo halimpi msomaji mlango wa kubisha. Tangazo rasmi lichague.

Limebaki neno ufanisi. "Ufanisi wa nishati" husomwa na wengi kuwa ni kubana matumizi, na hapa kosa ni la hesabu pia. Kubana hupima kiasi kilichopunguzwa. Jambo linalokusudiwa na wataalamu ni uwiano: ni biti ngapi za taarifa zimepita kwa kila juli moja ya nishati. Neno la uwiano wa namna hiyo tunalo tangu enzi za kampeni za viwanda na mashamba, nalo ni tija. Mnara uliozimwa usiku kucha umebana nishati, lakini hauna tija yoyote, kwa kuwa haukufanya kazi. Kampuni ikijisifu kwa kubana, afisa aulize juu ya tija. Na hawezi kuuliza ikiwa yote mawili yanaitwa ufanisi.

Wako watakaopinga kwamba mafundi wamekwisha kuzoea maneno yao, na kwamba lugha haiamrishwi. Hoja hii ni ya kweli kwa mazungumzo ya fundi na fundi mwenzake. Wao huelewana kwa ishara pia. Haina nguvu kwa mkataba, tangazo wala kitabu cha shule, ambavyo husomwa na mtu asiyekuwapo kazini na asiye na wa kumwuliza.

Kwa hiyo yapendekezwa:

(a) seli iandikwe daima pamoja na kibainishi chake;

(b) uendeshaji utumike kwa kazi ya mtambo, na usimamizi kwa wajibu wa mtu au ofisi;

(c) otomatiki itengwe na kujiamulia;

(d) lepe na usingizi zitofautishwe, na pale ambapo hakuna seli nyingine ya kushika nafasi, isisemwe kulala bali kukatwa kwa huduma;

(e) tija ya nishati itumike kwa uwiano, na kubana nishati kwa upungufu wa kiasi.

Mapendekezo haya yajadiliwe na walimu na wafasiri, na yakosolewe. Lolote litakalokubaliwa, lisomwe kwanza kwa sauti mbele ya watu wa mahali kama Makuyuni, kisha waulizwe swali moja: mnara wenu umefanywa nini, na nani? Wakiweza kujibu, istilahi imefaulu.