Kabla ya kulaumu pampu ya Massey Ferguson 135

Massey Ferguson 135 ikigoma kunyanyua plau, wengi husema palepale kwamba pampu imekufa. Hukumu hiyo hutoka kabla mtu hajachomoa hata dipstiki. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu bei ya pampu mpya humuumiza mkulima mdogo, na nimeshuhudia pampu mpya ikifungwa huku mikono ya nyuma ikibaki na ugonjwa uleule.

Matrekta haya yalitoka viwandani kuanzia 1964 hadi katikati ya miaka ya 1970, yakiwa na mfumo wa kunyanyua uliotokana na kazi ya Harry Ferguson. Pampu yake haikufungwa nje ambako ungeiona. Imezama ndani ya oili, chini ya kiti cha dereva, na huzungushwa na shafti ya PTO, ile inayoendesha zana. Ndiyo maana ukikanyaga klachi mpaka mwisho, kunyanyua nako kunasimama. Ina pistoni nne zinazosukumwa na kamshafti moja. Jambo la pekee ni kwamba valvu inayoiongoza iko upande wa kuvuta oili: valvu ikiwa katikati, pampu inazunguka lakini hainyonyi kitu, ukipandisha liva, mlango wa kunyonya unafunguka, ukishusha, valvu hiyohiyo inaachia oili ya kwenye silinda irudi chini.

Asiyeujua mpangilio huo atatafuta kosa mahali pasipo na kosa. Katika kazi niliyoifuatilia kwenye karakana moja ya Babati, fundi hakugusa spana mpaka alipomaliza maswali yake. Je, plau hupanda asubuhi oili ikiwa baridi, kisha hukataa oili ikipata moto? Huo ni uchakavu, oili nyepesi inapenya palipolika. Je, mikono hupanda kwa kukatakata, inakwenda na kusita? Basi huenda valvu ndogo ya pistoni mojawapo haifungi, nyingine zinafanya kazi peke yao. Je, mzigo hupanda vizuri lakini injini ikizimwa unashuka upesi? Hapo usianze na pampu. Tazama kwanza o-ringi za bomba la wima linalopeleka oili juu, na sili ya pistoni kubwa ya silinda. Kujua hayo kunatofautisha kazi ya kununua mipira michache na kazi ya kufumua trekta.

Trekta la Babati lilikuwa linakatakata, na oili yake ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Lilikuwa linalala nje msimu wote wa mvua, na mpira wa kwenye liva za gia ulikuwa umepasuka, maji yakiteremka taratibu mpaka ndani. Oili ya gia na ya haidroliki kwenye trekta hili ni moja, kwa hiyo maji yaliyoingia huku yaliharibu na kule. Valvu ya kuongozea imenolewa kwa ustadi mkubwa. Kutu kidogo tu huikwamisha. Wasanifu walilijua tatizo la kukwama, wakaweka kifaa kinachoitikisa valvu muda wote pampu inapozunguka, lakini kifaa hicho hakiwezi kushindana na kutu.

Mzigo ulishushwa chini, oili ikamwagwa, kiti kikatolewa. Kisha likachomolewa lile bomba la wima kabla ya kugusa kifuniko kikubwa kilicho chini ya kiti. Anayesahau hatua hiyo na kuvuta kifuniko kwa winchi analipinda bomba au kupasua kiti chake. Kifuniko ni kizito, na mkono haupaswi kupita chini yake kikiwa kinaning'inia. Shafti ya PTO ilivutwa nyuma, pini za pembeni zikatolewa, pampu ikanyanyuliwa.

Mezani ukweli ulionekana: springi moja ya valvu imevunjika, kiti chake kimeliwa, na valvu ya kuongozea ina madoa ya kutu. Kamshafti na pistoni zilikuwa bado nzima. Kwa hiyo zikanunuliwa valvu, springi, ringi na o-ringi badala ya pampu nzima. Kila kipande kilioshwa kwa dizeli safi na kukaushwa bila kitambaa chenye nyuzi, kwa maana uzi mmoja chini ya valvu unatosha kurudisha kukatakata.

Penye hatari zaidi ni wakati wa kurudisha. Chini ya kifuniko zinaning'inia fimbo mbili za liva, na lazima zikae upande wake sahihi wa mkono wa pampu. Fundi alifungua kifuniko cha pembeni, akamulika tochi ndani, akasogeza liva na kuona mkono unaitikia ndipo akakaza bolti. Geji iliyofungwa juu ya bomba la wima ilionyesha presha inapanda na kutulia pale valvu ya usalama inapofunguka.

Mpira wa liva za gia ulibadilishwa siku hiyohiyo. Oili mpya ilitumika kwa kazi fupi ya shambani, ikamwagwa ingali moto ili itoke na maji yaliyobaki kwenye pembe za giaboksi, kisha ikawekwa nyingine.